Mwalimu wa Viti Vidogo

Katika shule yetu hii ya Temeke, ukitaka kujua mwalimu anaheshimiwa kiasi gani, usiulize cheo wala elimu yake. Uliza anafundisha darasa la ngapi. La saba ndiko wanakokaa wababe, na la nne wanafuatia, kwa sababu huko kuna mitihani ya taifa na matokeo yanabandikwa mpaka ofisi ya kata. Chini kabisa, kwenye jengo la mwisho karibu na vyoo, kuna awali, darasa la wadogo ambao hawajafika la kwanza. Huko wanapelekwa waliochoka, wanaosubiri kustaafu, na yeyote aliyemuudhi mkuu wa shule. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini sijaona shule isiyoifuata.

Mimi nilikuwa wa la saba. Hesabu. Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunajisifu, na mimi hujibu kwamba hatujisifu, tunatoa taarifa. Basi natoa taarifa: kuna wazazi waliohamisha watoto kutoka Yombo na Mtoni ili wakafundishwe hesabu na Mwalimu Polikarpo.

Januari ile niliingia ofisi ya walimu, nikaikuta ratiba ukutani na jina langu limekaa mbele ya neno awali. Nikadhani aliyeandika amekosea mstari. Nikageuka nicheke na wenzangu, wote nikawakuta wanatazama vikombe vyao vya chai. Hapo nikajua hakuna kosa.

Aliyeipanga ratiba alikuwa mwalimu wa taaluma, Khulud Jaffar. Kazi hiyo ya taaluma sijawahi kumwonea mtu wivu kwayo. Mwalimu wa taaluma si mkuu, lakini mkuu akiteleza yeye ndiye anayepakwa matope. Anashika chaki kama sisi na vipindi vyake havipunguzwi, halafu ndiye anayeulizwa kwa nini fulani hafundishi vizuri. Walio juu wanamwona mdomo wa walimu, walimu wanamwona sikio la mkuu. Khulud alizaliwa Tandika, kwenye ukoo wa Kiarabu unaouza sufuria na birika tangu enzi za babu yake, na watu walitegemea atakaa dukani kama dada zake. Yeye akaenda chuo cha ualimu. Alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, na mbishi wa aina mbaya kuliko zote, yule asiyepandisha sauti.

Nilimfuata mezani kwake nikasema mengi. Mengine hayafai kurudiwa mbele ya watu wazima. Aliniacha nimalize, akanisogezea kisahani cha kashata, kisha akaniuliza kila mwaka la saba naanza kwa kufundisha nini.

Nikamjibu ukweli, maana nilikuwa nimeulalamikia miaka yote mbele ya walimu wote. Naanza na kutoa. Mtoto ndevu zinamwota, mpe sitini na mbili atoe arobaini na tisa, anakodoa macho. Nusu ya mwaka wangu inaliwa na mambo ya darasa la kwanza.

“Na kila mwaka unauliza humu ndani nani aliwaharibu,” akasema Khulud. “Sasa nakupeleka huko wanakoharibikia. Si adhabu, Mwalimu Poli. Mie sina mwingine wa kumpeleka.”

Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Akanieleza mpango wake. Nianze na watoto wa awali wa mwaka ule, nipande nao darasa kwa darasa hadi la nne, na upimaji wa taifa wa la nne ndio uwe hakimu. Samaki mkunje angali mbichi, methali hiyo tunawaandikisha watoto imla kila mwaka, alisema, lakini ikifika siku ya kupanga ratiba hakuna anayeikumbuka. Mkuu wetu, Mwalimu Lusungu, mtu mpole aliyeogopa kelele kuliko dhambi, alikuwa amekwisha kukubali. Alisema tujaribu.

Siku ya kwanza mtoto alinikojolea kiatu. Siku ya pili nilikalia kiti chao kikavunjika, wakacheka hadi wengine wakalala chini. Mimi ni mtu mrefu. Kwenye viti vile magoti yangu yalikuwa yanakaribia masikio. Walimu wenzangu wakanipa jina la Babu Awali, na wake zao wakalisikia, na mke wangu akalisikia sokoni. Nilikuwa na hasira ya kunitosha mimi na jirani.

Hata hivyo nilifundisha, kwa sababu kufundisha najua. Niliwapa vizibo vya soda vya kuhesabia, nikaimba, nikaruka. Nikiuliza tumeelewa, darasa zima linaitikia ndiyo mpaka mabati yanatetemeka. Nilianza kujisikia vizuri.

Ndipo Khulud akaja. Alivua viatu mlangoni, akaketi nyuma kwenye mkeka, hana kalamu wala karatasi. Nikafundisha kwa madoido yote. Wakati wa mapumziko nikamsubiri anipongeze.

“Leo nilimtazama Rukaiya tu,” akasema. “Yule mwenye mama anayekaanga chapati pale getini. Ulipouliza kama wameelewa, yeye aliitikia kwa sauti kuliko wote. Kisha akahesabu vizibo vitano akapata saba. Mdomo wake unakimbia, kidole kinabaki nyuma.”

Nikangoja aendelee. Nikamuuliza nifanye nini sasa. Akasema yeye hana la kuongeza, mimi ndiye mwalimu wa Rukaiya, kisha akavaa viatu vyake akaenda kwenye kipindi chake.

Jioni ile sikula. Miaka yote nilikuwa nafundisha kwa kusikiliza ile ndiyo, na kumbe ndiyo ya mtoto ni adabu tu, kama shikamoo. Kesho yake nikaleta kopo la maziwa. Nikamwambia Rukaiya adondoshe kizibo kimoja, asubiri kilie, ndipo aseme namba. Kikalia, akasema moja. Kikalia, akasema mbili. Alipofika tano vizibo vikawa vimekwisha na mdomo umesimama mahali pamoja na kidole. Akanitazama kama mimi ndiye niliyefanya kiinimacho. Nilisikia furaha ambayo la saba halikuwahi kunipa, na nikaudhika kwamba ilibidi nimshukuru yule mwanamke.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa kila mwalimu. Anaingia, anamchagua mtoto mmoja, anamtazama kipindi kizima, kisha anakuambia alichokiona, basi. Baadaye akaanza kututuma sisi kwa sisi. Kila Alhamisi baada ya watoto kuondoka tulikaa na mihogo ya kukaanga, kila mmoja akaeleza juu ya mtoto mmoja aliyemtazama darasani kwa mwenzake. Alikuwa na sharti moja: usiseme vizuri, usiseme vibaya. Ukisema vizuri unamlaza mwenzako, alisema, na ukisema vibaya kesho utakuta mlango umefungwa. Sema ulichokiona.

Mwanzoni watu walifuata mihogo. Wengine walinuna. Lakini ilipofika katikati ya mwaka nilianza kuona milango ya madarasa iko wazi, na walimu wanasimamishana uwanjani kuulizana habari za mtoto fulani, kama watu wanaofuatilia mechi. Nimefundisha muda mrefu na sijaona kitu kama kile kabla wala baada. Mkuu hakukileta, wala wakubwa wa halmashauri. Alikileta mtu wa katikati, asiye na amri juu ya yeyote.

Kisha matokeo ya la saba yakatoka. Kijana aliyepewa hesabu zangu alikuwa ametoka chuoni juzi tu, na shule yetu iliyokuwa inaongoza kata ikaanguka karibu na mkia.

Kikaitishwa kikao cha wazazi. Mwenyekiti wa kamati, muuza mbao, alisimama akauliza ni akili ya namna gani kumtoa mwalimu mzima wa hesabu la saba ukampeleka kuchezesha vichanga vizibo. Watu wakapiga makofi. Macho yote yakamwendea Mwalimu Lusungu, na Mwalimu Lusungu akasema ratiba hupangwa na mwalimu wa taaluma. Hakusema uongo. Alisema ukweli wa upande mmoja akaketi.

Nikasimama. Nilisema kwa hasira, kwa sababu sijui kusema kwa namna nyingine, kwamba shule inavuna leo ilichopanda miaka saba iliyopita, na kwamba hawa wa vizibo tukiwaacha hadi la nne watashangaza watu. Mtu mmoja nyuma akasema Babu Awali amenogewa, kikao kizima kikacheka. Ukichekwa mbele ya wazazi hoja yako imekwisha.

Khulud hakujitetea. Aliomba radhi kwa wazazi wa la saba, akasema lile kundi la la saba lilistahili maandalizi bora na yeye hakuwaandalia. Nilimwona mkuu akishusha pumzi. Baada ya kikao waliingia ofisini wawili, na mimi nilikuwa barazani, mlango haukufungwa vizuri. Mkuu alisema ishu imekuwa kubwa, lazima watu waone kitu kimefanyika, na kitu chenyewe ni kunirudisha la saba.

“Waonyeshe mie,” Khulud akamwambia. “Niondoe mie, watu watatulia. Lakini Poli muache apande na wale watoto. Niahidi hilo, Mkuu, nami sitakata rufaa popote.”

Mkuu akaahidi. Na kwa haki yake niseme, ahadi hiyo aliishika.

Uhamisho ulimpeleka Kibamba. Anayejua jiji hili ataelewa: Tandika na Kibamba ni kama miji miwili. Hakuweza kuhamia huko kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa wa kulala na yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Akawa anatoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi baada ya isha. Shule mpya ilisikia kwamba ameondolewa kwa makosa, ikampa darasa la wakosaji, yaani awali. Alinipigia simu kunieleza akicheka kweli kweli. Nami nikacheka, kisha nikakaa na simu mkononi, nikamlaani kila mtu niliyemfahamu.

Alikuwa na kisukari. Sisi hatukujua, au tulijua kama mnavyojua jambo la mtu asiyelalamika. Chakula chake kikawa cha saa yoyote, kliniki akawa anairuka kwa sababu siku ya kliniki ni siku ya kazi na kutoka Kibamba hadi huku ni nusu ya siku. Mwaka wa pili akaniambia ubao unamfanyia ukungu. Mwaka wa tatu macho yakazima kabisa. Daktari hakusema ni safari. Mimi ndiye ninayesema.

Alhamisi zetu zilikufa mapema kuliko macho yake. Mwalimu wa taaluma aliyefuata alikuwa mtu wa kukagua madaftari na kupiga mihuri, na milango ya madarasa ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Nilibaki na watoto wangu tu. Nilipanda nao la kwanza, la pili, la tatu, nikimtazama kila siku mmoja, nikijieleza mwenyewe jioni kama kichaa. Na kila Januari niliwaona wapya wakiingia jengo la mwisho kwa Mwalimu Allen, mtu mwema anayesubiri kustaafu, miguu inamuuma, akikaa hainuki. Nilikwenda kwa mkuu kila mwaka kumweleza juu ya watoto hao. Kila mwaka aliniambia ahadi yake ilikuwa ya kundi moja.

Mwaka huu watoto wangu wa vizibo wameupita upimaji wa la nne. Sitaji nafasi, watu watasema ni Uhaya. Itoshe kwamba simu ya mkuu haikupoa siku nzima, na muuza mbao alileta kreti za soda shuleni wakati wa likizo. Mwalimu Lusungu akatoa hotuba fupi mbele yetu. Alisema ukiona vyaelea, vimeundwa, bila kusema ni nani aliyeshika randa.

Kisha akaniita pembeni, uso unang'aa. Alisema nimeteseka vya kutosha, sasa narudi nyumbani: la saba, hesabu zangu. Na juu ya hapo, kuanzia Jumatatu shule ikifunguliwa, mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Nipange ratiba nimletee atie saini. Awali, akasema, niiache kama ilivyo, kwa Allen, nisije nikaanzisha makelele mengine. Alinishika bega. Alikuwa ananipa zawadi, na aliitoa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumamosi nikamchukua Rukaiya kwa ruhusa ya mama yake, tukaenda Tandika.

Khulud alikuwa ameketi kwenye busati katika chumba kilicho nyuma ya duka, katikati ya sufuria zilizofungwa kwa magazeti. Macho yalikuwa wazi, ila yalielekea kidogo pembeni yetu. Amekonda. Nilikuwa nimemtembelea mara nyingi na kila mara nilidhani nimezoea. Rukaiya akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza sauti hiyo ni ya nani. Nikamwambia ni yule wa vizibo. Akanyoosha mkono hewani mpaka akakipata kichwa cha mtoto, akashangaa urefu wake.

Nikamweleza matokeo. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi, kisha akataka mtoto asome. Nilikuwa nimekuja na kitabu cha la nne. Akakataa, kitabu anaweza kuwa amekikariri. Akapapasa ubavuni, akachana gazeti kuukuu lililofungia birika, akamnyooshea mtoto.

“Soma popote, mwanangu. Na wewe Poli, mtazame. Usiniambie kama ni vizuri. Niambie anachofanya.”

Rukaiya akaanza kusoma habari ya jogoo aliyefikishwa kwa mjumbe wa mtaa kwa kuwa anawaamsha watu mapema mno. Nami nikaketi kwenye busati nikafanya kazi ambayo yeye alikuwa ameifanya maisha yake yote.

“Ameweka kidole chini ya mstari,” nikamwambia kwa sauti ya chini. “Akifika neno refu anakiondoa kidole, analitazama lote, ndipo analisema. Ameruka mstari. Amejigundua, amerudi.”

“Nani amemwambia arudi?”

“Hakuna. Amerudi mwenyewe.” Nikaendelea kumtazama. “Sasa anacheka. Ameona la kuchekesha mbele, bado hajalisoma.”

Rukaiya akalisoma: jogoo aliwika katikati ya kesi. Khulud akacheka naye, na machozi yakamtoka katika macho yale yasiyoona, hakuyafuta. Mimi nilishindwa kabisa kuendelea. Nilikuwa nalia, mtu mzima, mbele ya mwanafunzi wangu, na nililia kwa uchungu kwamba nilikuwa namweleza kwa maneno kitu alichokilipia kwa macho.

Mama yake Khulud akaita kutoka chumba cha pili, mjukuu wake aliyekuwa akiuza dukani akaenda kumwangalia. Rukaiya akaomba kuona sufuria kubwa, akaruhusiwa. Tukabaki wawili.

Nikamwambia nimepewa taaluma. Akasema amefurahi, halafu akanitania kwamba sasa Temeke nzima itapewa taarifa. Nikasubiri aulize la saba. Hakuuliza.

“Na awali mwaka huu?” akasema. “Kawekwa nani?”

Ratiba ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa, jina la Allen liko pale pale lilipokuwa miaka yote, na jina langu juu, la saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilimwangalia. Aligeuza sikio upande wangu akangoja, na nilijua sikio lile limezoea kuokota kila kitu.

“Mimi,” nikasema.

“Umesita,” akasema. Hakusema ni vizuri wala vibaya. Alinieleza alichokisikia, basi.

Tulirudi kwa miguu mpaka kituoni, Rukaiya akinisomea kila kibao cha duka tulichokipita. Jumatatu nilifika shuleni mapema, nikampelekea Mwalimu Lusungu ratiba mpya. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia hapana. Hakutia saini na hakuirarua. Aliiweka mezani akasema atafikiri, na mimi nikaenda jengo la mwisho kukagua viti, maana vingine vilikuwa havina miguu na watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuingia.